Kuazima filamu bure kupitia maktaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasomaji wa Mwanza na kando ya ziwa

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu mbalimbali: wanafunzi wa Nyegezi na Malimbe, wazazi wa Nyakato wanaotafuta katuni za watoto, vijana wa Kirumba waliosikia kwamba huko ng'ambo maktaba huazimisha filamu bure, na ndugu zetu waliokwisha kuhamia huko ambao kadi ya maktaba wanayo lakini hawajawahi kuitumia kwa jambo jingine zaidi ya vitabu. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizunguko, na mengine ni ya sentensi moja.

Kuazima filamu ya kidijitali maana yake ni nini?

Ni kuangalia filamu kwa muda maalumu kupitia programu ya simu, kompyuta au runinga, kwa kutumia uanachama wako wa maktaba badala ya kulipia. Unafungua programu, unachagua maktaba yako katika orodha, unaandika namba ya kadi na namba ya siri, kisha unachagua filamu. Muda wa kuazima ukiisha, filamu inajifunga. Hakuna diski unayobeba wala kaunta unayoirudia, na filamu haiwi mali yako hata siku moja.

Je, ni bure kweli?

Kwako ni bure. Kwa maktaba si bure hata kidogo, na mtu akilielewa hilo, mambo mengine yote katika ukurasa huu yatamwelea bila shida.

Kitabu cha karatasi maktaba hukinunua mara moja, ikakiazimisha mpaka jalada lichakae. Filamu ya mtandaoni haiko hivyo. Katika huduma kama Kanopy na hoopla, mara nyingi maktaba hulipa kila mara msomaji anapoangalia au kuazima, kwa hiyo filamu inayopendwa sana ndiyo inayoigharimu maktaba zaidi. Mfano unaofahamika ni wa jiji la New York. Tarehe 1 Julai 2019 mifumo yote mitatu ya maktaba za umma za jiji hilo, yaani ya New York, ya Brooklyn na ya Queens, iliacha kutoa Kanopy kwa wasomaji wake kwa sababu ya gharama. Wakati ule vyombo vya habari viliripoti kwamba maktaba ilikuwa ikilipa takriban dola 2 za Marekani kwa kila filamu iliyoangaliwa, na kwamba sekunde 30 zilitosha kuhesabiwa kuwa mtu ameiangalia. Ukizidisha dola hizo mbili kwa wasomaji wa jiji zima, utaona kwa nini hata maktaba tajiri iliamua kurudi nyuma.

Fedha hizo hutoka katika kodi za wakazi wa eneo husika, na ndiyo maana maktaba hutaka kujua unaishi wapi kabla ya kukupa kadi. Watu wengi hapa hudhani sharti la makazi ni ubaguzi au urasimu. Ni hesabu tu: wanaochangia chungu ndio wanaopakuliwa.

Kadi yangu ya maktaba ya Mwanza inafungua huduma hizi?

Hoopla imejengwa kwa ajili ya maktaba za nchi chache, zikiongozwa na Marekani na Kanada, na kadi ya Mwanza haiwezi kuingia humo. Kwa Kanopy njia ya kuhakikisha ni rahisi: fungua tovuti yao, tafuta jina la maktaba au chuo chako katika orodha, na kama jina halipo, hakuna namna nyingine ya kuingia, hata kama kadi yako ni hai na ada umelipa.

Hili lisikufanye uidharau kadi ya hapa. Maktaba zetu za umma ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963 na kupangwa upya kwa sheria ya mwaka 1975, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mfumo huo ulijengwa kwa vitabu, magazeti na meza za kusomea, na kwa kazi hiyo bado unatufaa. Mwanafunzi wa sekondari anayehitaji mahali patulivu pa kusomea hapotezi chochote kwa kuwa mwanachama, hata kama kadi haimfungulii filamu.

Kwa walio vyuoni jibu linaweza kuwa tofauti, kwa kuwa Kanopy ilianza kwa kuhudumia vyuo vikuu kabla ya kuingia maktaba za umma, na chuo chochote kinaweza kujiunga kikiwa na bajeti. Muulize mkutubi wa chuo chako kwa jina la huduma. Ukimuuliza tu kama "kuna filamu", huenda akakuonyesha kabati la diski za zamani, nawe ukaondoka ukidhani umejibiwa.

Shemeji yangu anaishi Marekani. Anaweza kunipa namba ya kadi yake?

Anaweza kukupa, kama anavyoweza kukupa ufunguo wa ofisi ya mwajiri wake. Kwa kawaida masharti ya maktaba humtaka mwenye kadi aitumie mwenyewe, na awajibike kwa kila kinachofanywa kwa kadi hiyo. Zaidi ya hapo, filamu unazoangalia zinakula mgawo wake wa mwezi, zinabaki katika historia ya akaunti yake, na zinalipiwa na wilaya ambayo wewe hukai. Huenda hata usifike mbali, kwa sababu haki za filamu huuzwa kwa nchi, na huduma hizi hukagua mahali kifaa kilipo.

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, tena huulizwa kwa sauti ya chini. Ushauri wangu ni kwamba usimtie shemeji katika mtihani wa kukukatalia.

Na nikitumia VPN, yaani programu inayoficha mahali kifaa kilipo?

Utakuwa umevunja masharti mawili kwa wakati mmoja, na mwenye kadi ndiye atakayefungiwa. Tena VPN yenyewe huongeza matumizi ya bando.

Ninasafiri kwenda kusoma nje ya nchi. Nianzie wapi?

Hapa habari ni njema, na wengi huchelewa kuipata. Ukifika, usisubiri hadi utulie. Nenda maktaba ya umma iliyo karibu na unapoishi ukiwa na kitambulisho chenye picha na kitu chochote kinachoonyesha anwani yako, kama vile mkataba wa kupanga, barua ya chuo, bili ya umeme au taarifa ya benki. Katika miji mingi ya Marekani na Uingereza kadi ya mkazi haina ada, na haijali kama wewe ni raia au la: kinachoangaliwa ni makazi. Sehemu nyingine hukuruhusu kuanza kujiandikisha mtandaoni kwa kadi ya muda, kisha ukathibitisha anwani ukifika kaunta.

Uliza maswali matatu pale pale. La kwanza, maktaba hii imejiunga na huduma ipi ya filamu? La pili, mgawo wa mwezi ni kiasi gani? La tatu, kuna mkataba na maktaba za jirani unaoniruhusu kuchukua na kadi ya huko? Hilo la tatu wageni hawalijui, ilhali katika maeneo mengi mkazi wa mji mmoja huruhusiwa kupata kadi ya mji wa jirani, na kadi mbili zina maana ya migawo miwili au huduma mbili tofauti. Kumbuka pia kwamba mwanafunzi ana haki ya maktaba mbili, ya chuo na ya mji anaoishi, na katalogi zao za filamu si lazima zifanane.

Ukirudi Mwanza kwa likizo, usitegemee kwamba programu zitafanya kazi kama ulivyoziacha kule.

Kanopy, hoopla na Libby zina tofauti gani?

Kanopy ilianzishwa mwaka 2008 huko Perth, Australia, na mwaka 2021 ilinunuliwa na OverDrive, kampuni ya Marekani. Nguvu yake iko katika filamu za maandishi (yaani za matukio halisi), filamu za kimataifa na zile za kale zinazosomwa vyuoni. Msomaji hupewa idadi ya tiketi kila mwezi, idadi inayopangwa na maktaba yake, na kila filamu huonyesha tiketi ngapi itachukua na muda gani utakuwa nayo. Tiketi usizotumia hazihamii mwezi unaofuata.

Hoopla ni ya kampuni ya Midwest Tape ya jimbo la Ohio, nayo ilianza mwaka 2013. Huko unakuta filamu, vitabu, muziki na vitabu vya kusikiliza katika programu moja. Badala ya tiketi unahesabiwa idadi ya vitu unavyoazima kwa mwezi, na filamu ukiichukua unakuwa nayo kwa saa 72. Hakuna foleni: hata watu elfu moja wakiitaka filamu ileile usiku uleule, wote wataipata, mradi maktaba ina fedha za kulipia. Baadhi ya maktaba huweka kikomo cha matumizi cha siku, kwa hiyo jioni unaweza kuambiwa nafasi zimekwisha ujaribu kesho. Hilo si hitilafu ya simu yako.

Libby, iliyotolewa na OverDrive mwaka 2017, ni ya vitabu, vitabu vya kusikiliza na majarida. Anayetafuta filamu ndani ya Libby atachoka bure.

Sasa sisi tuliobaki huku ziwani tunapata nini?

Tunapata hazina zisizouliza kadi, na kwa maoni yangu zimepuuzwa kwa sababu hazina matangazo.

Ya kwanza ni Internet Archive, maktaba ya kidijitali isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 huko San Francisco. Ina sehemu ya filamu ndefu, sehemu ya filamu zisizo na sauti, na mkusanyiko mkubwa wa filamu za elimu, viwanda na matangazo ya zamani ulioanzishwa na Rick Prelinger. Nyingi unaweza kuziangalia moja kwa moja au kuzipakua bila kujisajili. Kando ya ukurasa wa kila filamu kuna orodha ya mafaili ya ukubwa tofauti, na hapo ndipo mtu wa bando dogo anapopaswa kusimama kwanza kabla ya kubonyeza chochote.

Ya pili ni Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo mwaka 2018 ilifungua ukumbi wa filamu mtandaoni wenye filamu fupi na ndefu kutoka katika makusanyo yake. Nyingi zinaruhusiwa kupakuliwa. Hii ni maktaba ya umma kwa maana kamili ya neno, na haikuulizi unaishi Marekani au Misungwi.

Ya tatu ni Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo tovuti yake ina maelfu ya filamu za maandishi na za katuni za kuangalia bure. Baadhi zina mipaka ya nchi, lakini zilizo wazi ni nyingi kiasi kwamba hutaona pengo. Katuni zake zina sifa ya pekee, na nyingi hazina maneno kabisa.

Ya nne ni filamu za Blender, studio ya Amsterdam inayotengeneza katuni kwa programu huria na kuziachia dunia nzima kwa leseni huria. Nazitaja tena chini, katika swali la watoto na lile la kibanda.

Nitajuaje kwamba filamu iko huru kweli, na haijawekwa pale na mwizi?

Swali zuri, kwa sababu Internet Archive huruhusu watu kupandisha mafaili wenyewe, na si kila kilichopandishwa kina haki ya kuwa pale. Kuona filamu mpya ya sinema kubwa kwenye tovuti hiyo si uthibitisho wa uhalali wake.

Kwa filamu za Marekani kuna kanuni ya umri: filamu iliyotolewa hulindwa kwa miaka 95, ulinzi ukaisha mwishoni mwa mwaka wa 95. Filamu za mwaka 1929, kwa mfano, zilitoka kifungoni tarehe 1 Januari 2025, na kila mwaka mpya unafungua mwaka mwingine. Zipo pia zilizokuwa huru mapema kwa uzembe. Mfano mashuhuri ni Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Jina lake lilibadilishwa dakika za mwisho, na katika kubandika jina jipya wasambazaji wakasahau kuweka tangazo la haki miliki ambalo sheria ya wakati ule ililitaka. Filamu ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza, na waliotokwa jasho kuitengeneza wakakosa sehemu kubwa ya mapato ambayo yangekuwa yao.

Tahadhari mbili. Filamu ya kale isiyo na sauti inaweza kuwa huru, lakini muziki uliowekwa juu yake miaka ya karibuni ukawa na mwenyewe. Pia, uhuru wa filamu nchini Marekani haufuti sheria za nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya haki miliki nchini, na kwa jambo lolote la kibiashara huko ndiko pa kuuliza.

Kuna filamu zinazohusu kwetu?

Zipo, na nyingine zitakukera. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa kikoloni huko Vugiri, katika milima ya Usambara, uliotengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika kuhusu kilimo, afya na kodi, na kuzizungusha vijijini kwa gari katika Afrika Mashariki na ya Kati. Filamu hizo hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalipigwa kwenye santuri pembeni ya mashine. Chache mno ndizo zilizonusurika. Tovuti ya mradi wa utafiti wa Uingereza uitwao Colonial Film ina taarifa za filamu zaidi ya 6,000 za makoloni na inaonyesha bure zaidi ya 150. Mwalimu wa historia anayetafuta namna ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi mkoloni alivyotutazama hatapata zana bora kuliko hiyo, ilimradi asiwaache waiangalie bila maelezo.

Swali la pili katika fungu hili huwa ni lile la "filamu ya sangara". Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka mwaka 2004, ilipigwa hapa hapa Mwanza, na mwaka 2006 ilizua mjadala mkali hadi Rais Kikwete akailaani hadharani. Nimekaa katika mabishano mengi juu yake, kuanzia mwalo wa Kirumba hadi kwenye vijiwe vya kahawa, na mara nyingi waliobishana kwa nguvu zaidi hawakuwa wameiona. Filamu hii ina haki miliki, kwa hiyo usiitarajie katika hazina huria kwa njia halali. Ndugu aliye nje na mwenye kadi anaweza kuitafuta kwa jina katika katalogi ya maktaba yake, na maktaba nyingi za vyuo huweka filamu za maandishi za namna hiyo. Kama Sauper alivyoionyesha Mwanza ni haki au si haki, kila mtu ahukumu akiwa ameiona.

Itakula bando kiasi gani?

Filamu ni bure. Bando si bure, na kwa watu wengi wa hapa gharama halisi ndiyo hiyo. Hesabu yake si ngumu. Chukua filamu ya dakika 90:

Faili dogo la kilobiti 512 kwa sekunde litachukua takriban megabaiti 345. Faili la ubora wa kati, la megabiti 2.5 kwa sekunde, litachukua takriban gigabaiti 1.7. Ubora wa juu wa megabiti 5 kwa sekunde utafika gigabaiti 3.4 hivi.

Kwenye skrini ya simu tofauti ya faili la kwanza na la pili inaonekana kidogo tu, hasa kwa filamu ya zamani ambayo yenyewe ilipigwa kwa mkanda wenye chengachenga. Mimi niliwahi kubonyeza faili la kwanza katika orodha bila kusoma ukubwa wake, nikaliacha lipakuliwe usiku, asubuhi nikaamka sina bando wala filamu, maana lilikatika likiwa limebaki robo. Tangu hapo nasoma ukubwa kwanza. Bando la usiku lina nafuu, na kupakua mara moja ni bora kuliko kuangalia mtandaoni, kwa sababu ukitaka kurudia kipande hulipi tena.

Punguza pia ubora ndani ya programu yenyewe. Programu nyingi hujichagulia ubora mkubwa kadiri mtandao unavyoruhusu, na huko mjini mtandao ukiwa mzuri, programu itakumalizia kwa kasi ileile.

Naweza kuangalia nikiwa safarini, kwa mfano kwenye meli ya Ukerewe?

Faili ulilopakua kutoka hazina huria utaliangalia popote, hata mtandao ukipotea baada ya meli kuacha gati. Hoopla humruhusu mwanachama kupakua kwa muda ndani ya simu, na Kanopy huangaliwa ukiwa mtandaoni. Faili lililopakuliwa ndani ya hoopla halihamishiki kwenye flashi wala kwa bluetooth, na likifikia mwisho wa muda wake halifunguki tena.

Nina kibanda umiza Igoma. Naweza kuonyesha filamu hizi na kutoza kiingilio?

Filamu ya Kanopy au hoopla: hapana. Ruhusa uliyopewa ni ya kuangalia wewe na watu wa nyumbani kwako. Baadhi ya filamu za Kanopy huja na ruhusa ya kuonyeshwa hadharani na taasisi iliyojiunga, darasani au katika kongamano lisilo na kiingilio, lakini ruhusa hiyo ni ya taasisi na haihusu biashara.

Filamu iliyo huru kabisa au yenye leseni inayoruhusu biashara ni jambo jingine. Filamu za Blender hutolewa kwa leseni inayokuruhusu kuzionyesha, hata kwa kiingilio, mradi utaje waliozitengeneza. Hata hivyo ruhusa ya mwenye filamu haiondoi sheria ya nchi: maonyesho ya filamu kwa umma yanatawaliwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na mahali pa kuonyeshea pamoja na filamu yenyewe huhitaji kibali. Anza na ofisi ya utamaduni ya halmashauri yako kabla hujapaka ubao wa tangazo.

Kama wateja wako watakubali kuiacha mechi na kuangalia filamu ya mwaka 1925 isiyo na sauti, hilo siwezi kukuahidi. Ila huwa nawaza kwamba mtafsiri mahiri, wa wale wanaozungumza juu ya picha mpaka watu wanashika mbavu, angeweza kufanya maajabu kwa filamu ambayo haina sauti ya kuzibwa.

Zina maandishi ya Kiswahili chini ya picha?

Kwa nadra sana. Ukipakua filamu na ukapata faili la tafsiri lenye mwisho wa srt, lipe jina lilelile la filamu, liweke katika folda moja nayo, kisha ufungue kwa programu ya VLC, nayo italionyesha yenyewe. Faili la srt ni maandishi matupu yenye saa na dakika, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuliandika kwa Kiswahili. Kikundi cha wanafunzi wa lugha kingeweza kufanya filamu fupi moja kwa mchana mmoja.

Na kwa watoto?

Wenye kadi ya nje wana sehemu ya watoto ndani ya Kanopy, yenye kufuli ya mzazi. Kwa wa hapa, anza na Big Buck Bunny ya Blender, ya mwaka 2008, yenye dakika kama 10 na isiyo na maneno: mtoto wa Kisukuma asiyejua Kiingereza ataielewa sawasawa na mtoto wa Amsterdam. Ongeza katuni zisizo na maneno za Kanada. Iangalie mwenyewe kwanza, kwa sababu katuni si lazima iwe ya watoto.

Kuna ubaya gani kujaziwa muvi kwenye flashi dukani, kama wote wanavyofanya?

Ni kunakili kazi ya mtu bila ruhusa yake, na wanaoumia zaidi si matajiri wa Hollywood bali watengenezaji wa filamu zetu, ambao kazi yao huingia kwenye flashi kabla haijawarudishia hata nauli ya waigizaji. Pia flashi inayopita kwenye kompyuta 20 kwa siku hubeba virusi. Sitaki kujifanya kwamba sijawahi kukaa kwenye benchi la duka la namna hiyo. Ninachosema ni kwamba sasa ipo njia nyingine, na inahitaji tu uvumilivu wa kutafuta.

Nikichelewa kurudisha filamu niliyoazima nitatozwa faini?

Hapana, kwa sababu hurudishi wewe, inajirudisha. Saa 72 zikianza kuhesabiwa hazisimami umeme ukikatika, wala bando likiisha, wala ukipitiwa na usingizi. Zikitimia zikukute katikati ya filamu, itafungwa pale pale hata kama zimebaki dakika tano mwuaji ajulikane, na kuifungua tena utatumia nafasi nyingine ya mgawo wako wa mwezi.